Watu wa Zambarau

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, na leo naomba nilalamikie jambo linalonichosha kuliko kodi ya pango na kukatika kwa umeme: katika mji huu wa Tanga mtu haachwi akawa mtu tu. Kabla hujaulizwa jina utaulizwa unakaa barabara ya ngapi, kwa kuwa mitaa yetu imepewa namba, na mkazi wa namba moja hakosi neno juu ya mkazi wa namba nyingine, ingawa wote hununua samaki pale pale Deep Sea. Ukilijibu hilo, utaulizwa kama wewe ni wa Coastal Union au wa African Sports. Kuna kijana hukaa kibarazani kwangu akisimulia jinsi "tulivyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988", kifua mbele, utadhani alifunga bao yeye. Mama yake ananiambia kwamba mwaka huo hata mimba yake haijatunga.

Hayo ningeyavumilia, lau isingekuwa harusi ya binti wa jirani yangu. Kamati ilichagua kitenge cha kijani kiwe sare, lakini jora likaisha katikati ya ununuzi, na waliochelewa wakapewa kitenge cha ua lile lile, rangi ya zambarau. Hakuna aliyechagua rangi. Aliyekaa karibu na duka alipata kijani, aliyepitia sokoni kwanza akapata zambarau, na zote nilizishona mimi, kwa cherehani moja. Basi siku ya walima nilishuhudia akina mama wa kijani wamejipanga upande wa kulia wakinong'onezana kwamba watu wa zambarau wamefuata pilau tu, na wa zambarau wakijibu kwamba kijani kimewapanda kichwani.

Mpwa wangu anayesoma chuo, ambaye kwa kawaida husema mambo ya kunipotezea wakati, safari hii alinena la maana. Alinieleza habari za Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepoteza jamaa zake katika Vita Kuu ya Pili, nami nikaona kwamba huyo alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini watu hutengana. Akiwa mtafiti huko Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule makundi mawili, akawaambia kwamba wametengwa kwa kufuata mchoraji wanayempenda, Klee au Kandinsky, kumbe amewagawa ovyo. Kisha akawapa kazi ya kuwagawia wenzao fedha, bila yeyote kujigawia mwenyewe. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971, walipendelea kundi lao, na mara nyingi walikubali hata kundi lao lipate kidogo, mradi lile jingine lipate pungufu kuliko lao.

Sikuhitaji kwenda Bristol. Mpakuaji wetu, mwanamke wa kijani, angepakua kwa usawa kila sinia lingepata vipande sita vya nyama. Akapakua vitano kwa kijani na vitatu kwa zambarau, vilivyosalia akavirudisha jikoni, akatoka ameridhika kabisa.

Wazee watasema kwamba haya si mageni, na ni kweli. Enzi za ngoma ya beni pwani hii iligawanyika Marini na Arinoti, watu wakashindana kwa sare na kwa vyeo vya kijeshi vya kujipachika. Marini wakijihesabu waungwana, Arinoti wakionekana watu wa chini. Ila mimi naamini kwamba hata enzi hizo fundi aliyewashonea alilipwa.

Kwa maana mwenyekiti wa kamati hajanilipa. Huyu ni muuza mihogo, mwenzangu wa bao, aliyezoea kuniita "mgosi" na kunikopa kahawa. Nilimshonea utepe wa kifuani kwa kipande cha satini kilichobaki, na tangu alipouvaa sauti yake imeshuka, mwendo wake umepungua, na nilipomkumbusha salio langu alinitazama kama mtu anayemtafuta karani wake, akasema, "Bwana fundi, lilete kwa maandishi, tutalijadili." Utepe huo huo! Kama ningeushona wa kwangu, yeye ndiye angeniandikia.

Tena mimi nilikwenda na shati la vipande vya rangi zote mbili, kwa kuwa fundi huvaa mabaki. Mlangoni nikaulizwa upande wangu, wakashauriana, wakanipeleka nyuma ya turubai kwa wapiga picha na madereva. Sinia letu lilichelewa. Kabla halijafika tulikwisha kukubaliana kwamba wavaa sare wote hawana adabu, dereva wa basi dogo akawa ndiye msemaji wetu, na mjomba wa bwana harusi alipokuja kuomba nafasi tulimwambia kwamba benchi limejaa, ingawa palikuwa na nafasi ya watu wawili.

Sasa wanataka tuanzishe chama, na sare wamekwisha kuichagua, rangi ya maziwa. Wanataka niwashonee kwa bei ya mwanachama.