Kutokuwepo kwenye tukio hakutoshi

Eti afisa anayesikiliza kesi ya nidhamu kwenye magereza ya New York yuko huru kwa sababu sheria inakataza kumteua mtu aliyeshuhudia tukio au aliyelichunguza, sawa, hilo zuri, lakini si bado anaweza kuwa naibu mkuu wa gereza lilelile au kapteni, bosi wake mmoja na askari aliyeandika ripoti, sasa kweli atamgeukia mwenzake amwambie we umedanganya? Na mfungwa haki ya kikatiba ya wakili hana, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishakataa tangu kesi ya Wolff 1974, ilichompa ni vitu kama mashtaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla ya kusikilizwa. Uingereza makosa mazito ya nidhamu anasikiliza jaji kutoka nje ya gereza, na ndiye anaweza kumwongezea mtu siku za kifungo. New York wanashindwa nini?