Nge mwekundu hagandishi damu

Mwandishi, umeandika kwamba nge mwekundu wa India huua kwa kugandisha damu. Sivyo. Sumu yake huiacha wazi milango midogo inayopitisha sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, mwili ukafurika adrenalini, homoni ya mshtuko: misuli inarukaruka, mishipa ya damu inabana, moyo unasukuma mpaka unaelemewa, mapafu yanajaa maji. Mtoto aliyeumwa analoa jasho huku mikono na miguu ni ya baridi. Hapo ni kukimbilia hospitali, jamani, si kuchanjwa chale!

Na mbona hukumtaja Daktari Himmatrao Bawaskar wa mji wa Mahad, jimbo la Maharashtra, India? Ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1980, kwamba prazosini, kidonge cha presha cha bei nafuu, kinaokoa wagonjwa hawa. Tafadhali rekebisheni habari hii, wazazi wanaisoma.