Njia za baskeli katika mabonde ya Pemba: zipite wapi, na zimfae nani?

Wazo la kuweka njia rasmi za baskeli katika mashamba ya Pemba, ili wageni wapite kati ya mikarafuu na mabonde ya mpunga badala ya kubaki ufukweni tu, lina watetezi wenye hoja nzito. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 630,000 katika mwaka 2023, na walio wengi hawakuvuka mkondo kuja Pemba. Hata wanaovuka, aghalabu huja kwa ajili ya kupiga mbizi na hulala pembezoni mwa kisiwa, wakaondoka bila ya kununua chungwa katika kijiji chochote cha ndani. Wapo vilevile wanaolitilia shaka wazo hilo, na shaka yao haitokani na kuchukia wageni. Kabla ya kuzipima hoja za pande zote mbili inafaa kuitazama ardhi yenyewe, kwa sababu mengi yanayosemwa yanafuata mfano wa nchi ambazo mabonde yake hayafanani kabisa na haya yetu.

Njia za baskeli zinazosifiwa zaidi duniani hufuata mto. Ile ya bonde la Loire nchini Ufaransa ina urefu wa takriban kilomita 900, na ile ya mto Danube kutoka Passau hadi Vienna inazidi kilomita 300, ikitumia kwa sehemu kubwa vijia vya kale ambavyo farasi walipita wakikokota mashua dhidi ya mkondo. Mto mkubwa hushuka polepole, na anayepanda baskeli kandokando yake hupata tambarare kwa siku nyingi mfululizo. Pemba haina mto wa namna hiyo. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, na vijito vyake ni vifupi. Vinatoka katika vilima vya ndani na kuingia upesi katika hori, yaani ghuba nyembamba za bahari, zenye mikoko, hasa upande wa magharibi. Barabara kuu nazo zinakwenda kaskazini na kusini, yaani zinayakata mabonde badala ya kuyafuata. Anayetoka Chake Chake kwenda Wete hushuka bondeni, huvuka karavati, hupanda upande wa pili, kisha huanza tena. Hakuna kilima kinachofika mita 150, lakini miguu huchoshwa na kule kurudia kupanda na kushuka.

Jambo hili lina maana kubwa kwa usalama, nami naona halijapewa uzito unaostahili. Hatari haiko juu ya kilima, iko chini, pale ambapo baskeli imeshika kasi na barabara inabana kwenye karavati, ambapo mvua za masika zimeteremsha mchanga juu ya lami, na ambapo gari ya ng'ombe au mkulima mwenye mzigo kichwani anaibuka kutoka bondeni. Hapo hapo ndipo daladala iliyojaa abiria nayo hukimbia ili ipate nguvu ya kuupanda mwinuko unaofuata.

Watetezi wanasema kwamba jibu ni kuziacha barabara kuu na kutumia zile za pembeni, na hapo wana ushahidi. Kati ya mwaka 2008 na 2013, kwa msaada wa Marekani, barabara kadhaa za vijijini katika kaskazini ya Pemba zilitiwa lami, miongoni mwao ikiwamo ya Bahanasa, Daya hadi Mtambwe. Zilijengwa ili mazao yafike sokoni na mgonjwa afike hospitali, lakini zina sifa zote ambazo mpanda baskeli anazitaka: magari machache, kivuli, na mwisho wenye kitu cha kuona. Ng'ambo ya maji kutoka Wete ipo Mtambwe Mkuu, mji wa kale ambako mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Kidike nako, kati ya Chake Chake na Wete, wanakijiji wanawalinda popo wa Pemba, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na wageni wanaokwenda kuwaona hulipa kiingilio kijijini hapo hapo. Ni mfano wa kweli kwamba fedha ya mgeni inaweza kubaki shamba.

Upande wa pili unauliza swali ambalo silioni kuwa dogo: bonde ni la nani? Kilimo cha mpunga Pemba kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Wanapopanda na kupalilia huwa wameinama katika matope, nguo zimekunjwa, wakiwa na mabinti zao, na hutegemea kwamba wapitao ni watu wanaojuana nao na wanaojua kutupa macho kando. Mgeni mwenye kamera anayesimama ukingoni anaivunja stara hiyo hata kama hana nia mbaya. Mpunga ukikaribia kuiva, watoto hushinda bondeni wakiwinga ndege. Kisha kuna msimu wa karafuu, ambapo majamvi hutandazwa popote penye jua, pamoja na ukingoni mwa barabara. Kamba ya baskeli ishirini zinazopita kwa pamoja haiwezi kuyapisha majamvi hayo bila ya kuingia katikati ya njia.

Hoja hizo, kwa maoni yangu, hazitoshi kulikataa wazo, ila zinatosha kulibadilisha umbo. Njia moja ndefu kutoka Mkoani, kusini, hadi Konde, kaskazini, iliyochorwa ili ipendeze katika ramani, ingewalazimisha wageni kutumia barabara kuu na ingefaidisha zaidi wenye magari ya kuwafuata nyuma. Mizunguko mifupi inayoanzia na kuishia kijijini, ikifuata lami za pembeni mpaka hori, inaafikiana zaidi na jinsi maji na watu wanavyokwenda katika kisiwa hiki. Vijia vya majaluba, yaani vile vinavyopita kati ya vipande vya mashamba ya mpunga, visiwemo kabisa. Na kila mzunguko uwe na miezi ambayo haupitiki kwa makundi, miezi hiyo ikipangwa na shehia husika, yaani ngazi ya chini ya utawala hapa Zanzibar, na si na kampuni ya utalii.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno. Wapanda baskeli wa Pemba tayari wapo. Mchuuzi anayebeba tenga la samaki wa Kojani kwenye kerea, mwanafunzi anayewahi kengele, mkulima mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe: hawa ndio wanaoshuka kwenye yale makaravati kila siku, pengine kwa breki moja. Barabara ya Chake Chake hadi Wete, yenye kilomita 22.1, iliwekwa katika mpango wa kujengwa upya, na barabara bora huleta mwendo mkubwa zaidi. Kuipanua ili iwe na mabega ya lami pande zote kungekuwa bora, lakini kila mita inayoongezwa inachukua nyumba au mikarafuu, na mkarafuu mchanga huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Sitarajii mkulima aukubali upotevu huo kwa ajili ya mgeni anayepita.

Penye nafasi, mabega yawekwe. Pasipo na nafasi, kazi ya gharama ndogo ianzie mabondeni: matuta ya kupunguza mwendo kabla ya kila karavati, kufagia mchanga baada ya mvua kubwa, na kufyeka vichaka katika kona. Barabara ya Bahanasa hadi Mtambwe inafaa kuwa ya kwanza kujaribiwa, kwa sababu ni fupi na lami yake haikujengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Kabla ya kibao chochote cha watalii kusimamishwa hapo, wanawake wanaolima kandokando yake waitwe katika kikao cha shehia na waulizwe ni wapi wageni wasisimame.