Bodi ya kushonwa inamhitaji fundi cherehani

LilyPad, bodi ya elektroniki ya kushonwa kwenye nguo iliyobuniwa na Leah Buechley, ilipoingia sokoni mwaka 2007 kupitia kampuni ya SparkFun, watu wa nguo walipata kwa mara ya kwanza bodi iliyotengenezwa kwa ajili yao: duara la milimita 50, lenye matundu makubwa pembeni ya kupitisha sindano. Naiheshimu sana kazi ile. Ila ni bodi ngumu. Ishone kwenye kitambaa chepesi uone kinavyovutika, na mvaaji akiinama, inamsumbua ubavuni.

Kwa nguo ya kuvaliwa kweli, mimi nasema tengeneza bodi laini kwa mkono wako. Unahitaji karatasi ya poliimaidi, ile plastiki ya rangi ya kahawia-njano iliyobandikwa utando wa shaba. Mkasi wa kawaida unaikata. Chora njia za umeme juu ya shaba kwa kalamu ya maka isiyofutika, kisha itumbukize kwenye feri kloraidi. Dawa hiyo hula shaba iliyo wazi, ikaacha iliyofunikwa na wino. Vaa glavu na miwani, na usije ukaimwaga kwenye sinki: shaba iliyoyeyuka humo ni sumu. Wino unafutwa kwa spiriti. Poliimaidi haiyeyuki unapolehemu, ndiyo sababu naipenda kuliko plastiki za bei rahisi.

Mafundi wengi wa elektroniki wakifika hapo hudhani wamemaliza. Kumbe shaba ikikunjwa mahali palepale kila siku hupasuka, na hupasuka hasa pale lehemu inapoishia. Fundi cherehani hahitaji kuelezwa hili. Kola na mkanda wa suruali huwa anavitia kitambaa kigumu kwa ndani ili visijikunje ovyo. Fanya vivyo hivyo chini ya chipu, na hicho kigumu kizidi kidogo ukingo wa lehemu, kunjo lihamie kwingine. Tundu la kushonea nalo lisikae ukingoni kabisa. Liachie shaba pana kulizunguka, upitishe uzi wa chuma cha pua, ule unaopitisha umeme, mara tatu au nne, ukaze. Mshono ukilegea, taa itazima na kuwaka mvaaji akipumua tu.

Halafu kuna suala la uzi wenyewe. Uzi wa chuma cha pua unaweza kuwa na ukinzani, yaani kuuzuia umeme, wa makumi ya omu kwa kila mita, wakati shaba ya urefu huohuo haifikii hata karibu. Tuseme unatengeneza reflekta ya dereva wa bodaboda yenye taa nyekundu za LED mgongoni. Ukizifunga taa zote kwenye uzi mmoja mrefu, ya mwisho itawaka kwa unyonge. Afadhali chipu ndogo ya kuendesha taa kama ATtiny85, yenye miguu 8, ikae pamoja na taa zake juu ya bodi moja laini ya shaba, uzi ubaki wa kuleta umeme kutoka kwenye betri tu, tena kwa njia fupi.

Betri yenyewe usiishone. Ifunge kwa vifungo vya kubana vya chuma, vile vya nguo za watoto, kwa sababu vinapitisha umeme na vinabanduka siku ya kufua. Reflekta isiyofulika, dereva ataitupa kabla ya mwezi kuisha, na atakuwa na haki.