Mnaalikwa Kwenye Doa

Mudi kawaambia kwamba nikichapa kadi za harusi nimewamwagia wageni asidi. Mwongo. Asidi haikutoka kwenye beseni. Kilichotoka ni aibu, na hiyo naisimulia mwenyewe.

Herufi za kuchapia na kile kibao cha kuchapia maua ni vya kuazima kwa mzee mmoja mchapaji. Kadi zilikuwa nyingi, zingevila. Nikaona nitoe nakala ya shaba. Unakandamiza herufi kwenye nta, hiyo nta yenye alama ndiyo kalibu, unaisugua unga wa grafiti (ule mweusi wa penseli) kwa brashi laini mpaka ing'ae, ipitishe umeme. Unaining'iniza upande wa hasi kwenye maji ya mrututu (chumvi ya shaba ya buluu), gramu 200 kwa lita pamoja na gramu 50 za asidi ya salfuriki. Upande wa chanya bamba la shaba. Ampea 2 kwa kila desimita ya mraba, usiku kucha, unapata ngozi ya robo milimita.

Ila kabla ya kuzamisha, kalibu humwagiwa spiriti ifukuze hewa mashimoni. Spiriti ilikuwa imeisha. Mtaalamu nikasema maji yanatosha.

Kwenye nta kila herufi ni shimo. Shimo la N moja likakaliwa na kiputo, na shaba haioti juu ya hewa. Asubuhi nikaibandua ngozi kwa maji ya moto, nikaupaka mgongo wake bati, nikamimina risasi iliyochanganywa bati na metali ya antimoni ili isibonyee. Risasi ikaona tundu, ikapita, ikagandia usoni kama kidonge. Mimi nilikuwa nasawazisha mgongo tu. Wageni walishakaa, na nilikuwa nawahubiria habari za mwanasayansi Jacobi wa Saint Petersburg, Urusi, aliyeianza kazi hii mwaka 1838.

Hapa twendeni polepole.

Shangazi, mama wa bwana harusi, kavaa miwani. Napaka wino. Nalaza kadi. Navuta mkono wa mashine, unagoma kidogo, nauvuta kwa nguvu. Naiinua kadi kwa ncha za vidole. Maua safi, hata mishipa ya majani inahesabika. Majina ya maharusi safi. "MNAALIKWA KWENYE" safi. Halafu duara jeusi, nene, limeididimiza karatasi nusura itoboke. Mbele yake herufi tatu: DOA.

Shangazi akasoma kwa sauti. Akanyamaza. Akaigeuza kadi, labda maelezo yako nyuma.

"Baba, hili doa la nani?"

Mudi alikuwa ameshatoa simu. (Mliocheka kule kwake, nina majina yenu.)

Kadi zikapigwa kwa herufi zilezile za mzee, zikatoka, zimeshagawiwa. Shaba na risasi shangazi kagoma kulipia. Ile yenye doa kaitia kwenye mkoba. Anasema atampa mkwewe wakishazoeana.