Kabla ya dripu ya tatu

"Daktari, mwanangu hajatundikiwa hata dripu moja tangu asubuhi." Mama huyo alinishika mkono mlangoni mwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Dar es Salaam, naye aliamini kabisa kwamba nimemtelekeza kijana wake. Presha ya kijana ilikuwa chini, ni kweli. Lakini dakika chache kabla nilikuwa nimempaka jeli kifuani na kuweka kichwa cha altrasaundi katikati ya mbavu. Kwenye kioo niliona mistari myeupe ikishuka kutoka kwenye utando wa pafu hadi chini kabisa, minne, mitano, ikitembea kila alipovuta pumzi. Pafu kavu haliwi hivyo. Lile lilikuwa limeanza kulowa, na zile dripu mbili alizopewa usiku zilikuwa zimetosha.

Kila inapofika zamu ya kupanga vifaa, hoja ni ileile: kupima damu inayosukumwa na moyo kwa dakika, na maji yaliyojikusanya mapafuni, ni tiba au ni anasa ya nchi tajiri?

Wanaosema ni anasa hawasemi ovyo. Mwaka 1970 Jeremy Swan na William Ganz walitangaza katheta, yaani mrija mwembamba, yenye kiputo, inayopita moyoni hadi kwenye mshipa wa mapafu, na kwa miaka mingi ICU za Ulaya na Marekani ziliitegemea. Ilipopimwa Uingereza katika ICU 65, kwa wagonjwa zaidi ya 1,000, matokeo ya 2005 hayakuonyesha kwamba iliokoa maisha. Njia iliyofuata ni ya kuchoma maji baridi ya chumvi kwenye mshipa mkubwa wa shingo, kisha kusoma joto la damu kwenye ateri ya paja. Hiyo hutoa hata mililita za maji ya mapafu kwa kila kilo ya mwili: hadi 7 ni kawaida, zaidi ya 10 pafu limejaa. Ila vifaa vyake ni ghali. Mwenzangu mmoja huniambia, "Nipe oksijeni isiyokatika na muuguzi wa pili usiku, hizo namba kaa nazo." Juu ya oksijeni simbishii.

Ninachobisha ni pale anaporuka kutoka "katheta ile haikuokoa" hadi "hatuna haja ya kujua". Namba haimtibu mtu. Isipobadilisha uamuzi wa anayeisoma, mgonjwa hapati kitu. Na gharama ya kutojua tumeshaiona, tena jirani tu.

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Lusaka kwa watu wazima 209 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Kundi moja lilitibiwa kwa mpango wa kujaza maji mapema, likapata karibu lita 3.5 ndani ya saa sita. Jingine lilipata huduma ya kawaida, kama lita 2. Waliofia hospitali ni asilimia 33 ya kundi la kawaida, na asilimia 48.1 ya lile lililojazwa. Kila nikizisoma namba hizi nazirudia. Tofauti ni lita moja na nusu, yaani chupa tatu za nusu lita, zile tunazotundika bila kufikiri. Na waliojazwa hawakuachwa hivihivi: maji yaliongozwa kwa kutazama kuvimba kwa mshipa wa shingo, kasi ya kupumua na oksijeni ya damu. Huwezi kuapa kwamba kila aliyekufa alizama kwa ndani. Lakini naona dalili zile za nje zinachelewa. Pumzi inapoanza kwenda mbio, pafu huwa limeshalowa.

Watoto nao walitufundisha hivyo mwaka 2011, Kenya, Uganda na Tanzania: kati ya 3,141, waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi.

Basi tupunguze dripu kwa wote? Wengine ndivyo wanavyohitimisha, na hapo ndipo ninapoogopa. Mgonjwa wa kipindupindu atakufa kwa huruma hiyo, ilhali presha yake inaweza kusoma sawasawa na ya yule kijana. Kinachowatofautisha ni moyo na mapafu. Inua miguu ya mgonjwa kitandani, karibu mililita 300 za damu yake mwenyewe zirudi moyoni, kisha ndani ya dakika moja tazama kwa altrasaundi kama moyo unasukuma zaidi. Moyo usiposukuma zaidi, shusha miguu: dripu haitamsaidia. Hujamwongezea hata tone.

Altrasaundi haitoi mililita, na nimonia nayo huchora mistari ileile. Asiyezoea atakosea. Hata hivyo ni mashine ambayo hospitali nyingi tayari zinayo.

Kijana tulimwanzishia noradrenalini kubana mishipa, na mama nikamwita ndani aone kioo. "Hayo ndiyo maji?" Ndiyo, mama. Aliacha kuulizia dripu. Ila mashine ile niliiazima wodi ya wazazi, na saa kumi jioni ilitakiwa irudi. Saa nane usiku pumzi ya kijana ilipobadilika, nilikuwa na stetoskopu tu shingoni.