Jamani, acheni kufuta maandishi kwenye mabango ya thieta

Kuna mwenzetu tuliyesafiri naye ameposti kwenye grupu picha ya Chicago Theatre, ile thieta maarufu ya mji wa Chicago, Marekani. Picha nzuri, sikatai, anga la bluu iliyokolea, taa zote zinawaka, lile neno CHICAGO limesimama wima pale State Street kama ilivyo kawaida yake, na mimi nilikuwa pembeni yake wakati anaipiga kwa hiyo najua kilichokuwepo. Nikaikodolea macho nikaona kuna kitu kimepungua. Pale chini, juu ya milango, penye jina la msanii na tarehe, pako peupe. Hamna kitu. Nikamuuliza kulikoni, akajibu bila hata haya, "Nimefuta kwa simu, yale maandishi yalikuwa yanachafua picha."

Yanachafua picha! Yaani bango la thieta, ambalo limetundikwa pale ili lisomwe, halafu maandishi yake ndo uchafu. Na watu wakammwagia makopakopa kibao, eti sasa ndo imependeza. Mmoja akaomba afundishwe namna ya kufuta na yeye akasafishe zake za New York. Hapo ndo nikaona bora nije kuandika huku kabla sijamtukana mtu mzima kwenye grupu.

Hivi tuongee kidogo. Lile jengo limefunguliwa 1921. Lile bango la wima lina urefu wa karibu ghorofa sita, na limeshapigwa picha na kila mtu aliyewahi kupita mtaa ule akiwa na kamera, liko kwenye postikadi, liko kwenye vikombe, liko kwenye sumaku za friji pale uwanja wa ndege. Sehemu ya juu haikukuhitaji wewe. Ungelala hotelini ingebaki vilevile. Kitu pekee ambacho wewe na simu yako mngeweza kuja nacho ambacho mwingine hana ni pale chini, kwamba siku uliyopita wewe ni nani alikuwa anapanda jukwaani. Juma linalofuata jina linashushwa, linapandishwa lingine, na lile halirudi tena labda huyo msanii aalikwe upya. Sasa wewe umekaa ukafuta kilicho chako, ukabakiza cha kila mtu. Hongera sana.

Wanaoshughulika na picha za zamani wanalijua hili vizuri. Ukiwapa picha ya mtaa wa Marekani wa zamani isiyo na tarehe, wataangalia magari, wataangalia kofia za watu, lakini wakiona tu bango la sinema au thieta kwenye kona wanachekelea, maana filamu na michezo ilikuwa inatangazwa kwenye magazeti kila siku, kwa hiyo ukishapata jina la onyesho na jina la ukumbi unaenda kwenye gazeti la wakati ule na unaipata picha imepigwa wiki gani. Wiki kabisa! Kofia haiwezi kukupa hiyo, kofia itakupa miaka kumi na ubishi juu.

Chukua Majestic, ile thieta ya barabara ya 44 New York. Mchezo wa muziki wa The Phantom of the Opera ulifunguliwa pale Januari 1988 ukakaa mpaka 16 Aprili 2023, maonyesho 13,981, miaka 35 na ushee. Kuna watu wamezaliwa, wameoa, wameachika, bango ni lilelile. Ungempigia mtu hodi mwaka 2015 ukamwambia piga picha ya hilo bango vizuri na herufi zake zote, angekucheka, angekwambia si lipo tu hilo. Ndio lilikuwa lipo tu. Mpaka siku moja halipo.

Au ile Machi 2020. Tarehe 12 Broadway yote, yaani zile thieta kubwa za New York, ikafungwa kwa sababu ya korona, na mabango yakabaki juu yakitangaza michezo ambayo hakuna aliyekuwa anaicheza, mtaa mtupu, miezi kwa miezi, na kuna michezo haikurudi tena hata kumbi zilipofunguliwa 2021. Picha za kipindi kile zinaniumiza mpaka leo, na zinaniumiza kwa sababu naweza kusoma. Futa hayo majina uone unabaki na nini. Unabaki na jengo lililofungwa, na majengo yaliyofungwa tunayo mengi tu kila mahali.

Au Apollo, ule ukumbi wa muziki wa mtaa wa Harlem, New York. Michael Jackson alipofariki Juni 2009 watu walimiminika barabara ya 125 wakajazana chini ya lile bango, wanalia, wanacheza, na bango lenyewe juu limebeba jina lake. Pale ndo yeye na kaka zake walishinda Amateur Night, shindano la wasanii wachanga, mwaka 1967, wakiwa watoto. Haya niambie, ile picha na jina lake ni msiba. Bila jina je? Ni umati wa watu barabarani, labda wanasubiri basi.

Nyie wa "inachafua" mtanijibu hapo.

Na si michezo peke yake, hata majina ya kumbi zenyewe yanabadilika, nadhani wengi hawajui hili. Tulipokuwa New York nilijitenga na kundi nikazunguka zile barabara za pembeni peke yangu, maana Broadway ina kumbi 41 lakini zilizoko kwenye barabara ya Broadway yenyewe ni chache mno, nyingi zimejificha huko kwenye 44, 45, 46 na kuendelea, na yule kiongozi wetu wa matembezi yeye alikuwa anatukimbiza tu Times Square, simama hapa, selfi, twende. Nikaenda mpaka barabara ya 47 nikakuta limeandikwa LENA HORNE. Nikasimama. Sijui niwaelezeje. Huyu mama alianza kuimba zama ambazo kwenye hoteli fulani aliruhusiwa kutumbuiza lakini haruhusiwi kulala, na sasa jina lake linawaka juu ya mlango, tangu 2022, thieta ya kwanza ya Broadway kupewa jina la mwanamke mweusi. Mwaka huohuo barabara ya 48 wakaipa nyingine jina la mwigizaji James Earl Jones. Kabla yao alikuwepo August Wilson, mwandishi wa michezo, kule barabara ya 52, ukumbi ulipewa jina lake Oktoba 2005 wiki mbili tu baada ya kufariki kwake. Mwanamke mmoja akapita akaniona nimeganda na simu juu kama mnara, akacheka akasema kitu sikukisikia vizuri, nikacheka na mimi. Zile picha tatu sizibadilishi na picha yoyote ya ile sanamu yenu ya kijani, ya Uhuru.

Sasa haki yake mtu apewe. Kuna mabango mabaya. Kuna yaliyorundikiwa nyota tano tano na sifa za wakosoaji mpaka jina la mchezo unalitafuta kwa tochi, na hizi skrini za LED za siku hizi zinazobadilika kila baada ya sekunde chache kwa kweli zinanichosha, unainua simu imeshahamia kwenye tangazo la tiketi. Na pale Times Square mataa ni sheria kabisa, tangu 1987 kanuni za mipango miji zinalazimisha majengo mapya yaweke mabango yenye mwanga, kwa hiyo ukilalamika kwamba macho yanauma unalalamikia sheria ya jiji. Haya, hapo nawaelewa. Kidogo. Lakini dawa ya skrini ni kusubiri izunguke ukapiga ukurasa wenye jina, kufuta sio dawa.

Na kingine, nusu ya hao wanaofuta wanafuta kwa sababu maandishi yametoka hovyo, meupe yameungua hayasomeki, halafu lawama anapewa bango. Gusa kwenye skrini pale penye taa, kitokee kile kijua cha kurekebisha mwanga, kivute chini mpaka herufi zisomeke, basi, kazi imeisha, hiyo ni sekunde mbili. Ukiona mistari myeusi inakatiza kwenye LED, ni kwa sababu zile taa zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni ila kamera inaona, kwa hiyo punguza kasi ya shata, yaani kamera ikae wazi muda mrefu kidogo, kama simu yako haina hiyo seting pakua programu ya kamera inayokuruhusu. Zile balbu zinazokimbizana ukingoni piga nyingi mfululizo utapata moja zimekaa sawa. Nenda jua likishazama lakini anga halijawa jeusi. Na kama unachukia vichwa vya watu kwenye picha, subiri dakika kadhaa baada ya saa mbili usiku, michezo mingi ya jioni inaanza saa moja au saa mbili, ile foleni yote inamezwa na milango kwa mpigo na mtaa unabaki wako na askari mmoja. Jumatatu ndo kabisa, kumbi nyingi zinapumzika.

Wale wa "si ungeingia ndani badala ya kupiga picha mlango" nawajua, mko wengi. Niliingia. Ndani kamera hairuhusiwi. Tuendelee.

Maana kuna kitu kimoja kinanikosesha usingizi kwenye habari hii yote. Mwaka 1983 kulikuwa na mchezo unaitwa Moose Murders, Eugene O'Neill Theatre, barabara ya 49. Ulifunguliwa rasmi tarehe 22 Februari na ukafungwa usiku uleule, wakosoaji waliusaga vibaya sana mpaka leo jina lake linatumika Broadway kupimia ubovu. Ulikuwa na mazoezi mbele ya watazamaji kabla ya hapo, kwa hiyo jina lilikuwa juu ya mlango siku kadhaa hivi, halafu basi. Lazima kuna mtalii fulani alipita pale siku hizo na kamera yake ya filamu, amevaa koti zito, akapiga jengo. Nataka kujua alielekeza kamera wapi. Kama alikata pale chini ili apate ile sura nzuri ya jengo kule juu, nina maneno naye. Kama alipiga na herufi zote, namwomba mjukuu wake afungue maboksi, mimi nampa albamu yangu nzima ya Chicago pamoja na simu.